Kava la noti likiachia mshono, usiikimbilie mashine ya kulaminisha

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kondoa. Kaka yangu amenitumia noti ya shilingi 10 ya mwaka 1966 aliyoinunua kwenye mnada huko nje. Imo ndani ya kava gumu la PMG, lebo imeandikwa 64 EPQ. Kutoka Dar ilikuja kwa basi ndani ya bahasha, na kuifungua nakuta kona ya juu ya kava imekunjika, imeacha mstari mweupe, na upande wa juu umeachia kiasi cha kuingiza ukucha. Mbele kuna mikwaruzo na naona kama vumbi limeingia. Kijana wa steshenari anasema anaweza kulifungua, aifute noti, kisha ailaminishe upya kwa elfu mbili. Nimemwambia asubiri. Je, noti imeshapoteza thamani? Nifanyeje?"

Marahaba, mwalimu. Umefanya vizuri kumwambia asubiri. Sasa kamwambie asahau kabisa, hata akishusha bei mpaka mia tano.

Laminesheni ni gundi na joto. Ile plastiki inayopitishwa kwenye mashine ina gundi upande wa ndani. Joto linapita nyuzi 100, gundi inayeyuka, roli zinaikandamiza, nayo inazama kwenye karatasi. Hapo hakuna kurudi nyuma. Cheti cha ubatizo kikilaminishwa bado kitasomeka na kazi yake kitafanya. Noti ya kukusanywa kazi yake ni kubaki karatasi ileile iliyotoka kiwandani, na ikishakunywa gundi, mkusanyaji anaihesabu pamoja na zilizoungua. Nimeletewa hapa Dodoma noti nzuri za miaka ya sabini, mwenyewe akiwa na furaha kwamba amezihifadhi, zote zimelaminishwa. Unakosa hata pa kuanzia kumwambia.

Noti yako haijapoteza thamani kwa sababu ya kona iliyokunjika. Kilichoumia ni kava, na pamoja na kava imeyumba ahadi ya kampuni iliyolifunga. Karatasi yenyewe inaweza kuwa haijui hata kama imesafiri kwa basi. Hilo ndilo la kuhakikisha kwanza, kabla ya kufikiria hela au kuirudisha kwa kampuni hiyo huko Marekani.

Wewe si mtu wa noti, kwa hiyo ngoja nieleze kidogo unachokishika. PMG ni kampuni ya Marekani, ilianza mwaka 2005, makao yake yako Sarasota, Florida. Inakagua noti, inaipa daraja kwenye mizani inayoishia 70, halafu inaifungia kwenye kava lenye lebo. Daraja la 64 maana yake noti haijaingia kwenye mzunguko. Kasoro zake ni ndogo, mara nyingi ni picha kutokaa katikati sawasawa au alama za kushikwa wakati wa kuhesabiwa. Zile herufi EPQ zinasema karatasi ni ya asili: haijaoshwa, haijapigwa pasi, haijazibwa mahali. Kwa PMG, noti haipewi 65 kwenda juu bila herufi hizo. Kwenye 64 zipo zinazokosa. Yako inazo, na ndizo ambazo kijana wa steshenari angezifuta dakika ileile anapoanza "kuifuta" noti.

Kava lenyewe ni plastiki ya jamii ya poliesta, ile inayojulikana zaidi kwa jina la biashara Mylar. Imechaguliwa kwa sababu haitoi kitu: haina mafuta ya kulainisha, haina klorini, haibadiliki rangi upesi. Noti haikugundishwa humo ndani, imekaa tu mfukoni, na kinachoifanya isitoke ni mshono wa pembeni ambapo plastiki imebanwa ikashikana. Ndiyo maana mshono ndio roho ya kava. Mikwaruzo ni uso tu.

Basi fanya hivi. Subiri jioni upepo ukitulia, maana vumbi la huko kwenu nalijua. Zima feni. Nawa mikono, ikauke kabisa, na usipake mafuta. Tandika karatasi nyeupe mezani, laza kava juu yake bila kuitoa noti, kisha washa tochi ya simu na uilaze karibu na meza ili mwanga upite kwa kuparaza juu ya kava. Usimulike kutoka juu; mwanga wa juu unaficha kila kitu.

Anza na lile vumbi. Punje iliyo juu ya kava ina kivuli chake kwenye noti, mbali kidogo na yenyewe, na ukisogeza tochi kivuli kinahama. Punje iliyokaa kwenye karatasi kivuli chake hakiachani nayo. Ujanja huohuo unafaa kwa mikwaruzo: sogeza kichwa kushoto na kulia huku umetazama mkwaruzo mmoja uliokaa juu ya sura ya Mwalimu Nyerere. Ukiona unatembea juu ya sura, hata kidogo, huo uko kwenye plastiki. Ukibaki palepale kila unakokwenda, uko kwenye noti. Kwa watu tisa kati ya kumi wanaonipigia wakiwa na hofu, mkwaruzo unatembea.

Halafu nenda kwenye ile kona. Kava la PMG ni kubwa kuliko noti, kwa hiyo ukingoni kuna plastiki tupu. Mstari mweupe ulioutaja ni plastiki iliyokunjwa ikachoka. Ufuate taratibu kwa macho: unaishia kwenye plastiki tupu, au unaendelea mpaka kwenye kona ya noti? Ukiishia kwenye plastiki, una tatizo la kava. Ukiingia kwenye noti, kuna mkunjo wa karatasi, na 64 iliyoandikwa kwenye lebo haielezi tena kilichomo ndani. Geuza na nyuma, upande wenye mkonge, uangalie kona hiyohiyo. Mkunjo wa karatasi mara nyingine unaonekana vizuri zaidi upande wa pili.

La tatu, soma namba ya noti iliyoandikwa kwenye lebo, uilinganishe herufi kwa herufi na iliyochapwa kwenye noti. Kisha chukua namba ya cheti iliyo kwenye lebo, uiingize kwenye tovuti ya PMG. Itakupa noti gani, daraja gani, na kwa noti nyingi picha pia. Usiruke hatua hii kwa sababu noti imetoka kwa kaka. Kaka naye alinunua.

Nasema hivyo kwa kuwa lilinikuta. Miaka ya nyuma nilinunua Dar es Salaam, kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja, noti ya shilingi 20 ya mfululizo huohuo wa 1966 ikiwa kwenye kava la daraja 66. Kava lilikuwa limeachia chini, akasema limeanguka. Nikafurahi kupunguziwa bei. Nilipofika Dodoma, usiku, nikaja kuona kwamba namba ya mwisho kwenye lebo ni 8 na kwenye noti ni 3. Mtu alikuwa amepasua mshono kwa wembe, akaitoa iliyopimwa, akaingiza nyingine inayofanana nayo iliyokwisha kupita mikononi mwa watu. Sura ya Mwalimu ilikuwa ileile, twiga kwenye alama ya maji yuleyule. Nililipia lebo.

Wizi wa namna hiyo ndio unaozifanya kampuni za upimaji zisiwe na huruma na kava lililofunguka. Dhamana yao inasimama kava likiwa zima. Mshono ukiachia kiasi cha kupitisha kitu, hawana njia ya kujua kama noti iliyomo ndiyo waliyoifunga, wala kama imebaki katika hali ileile. Ukucha wako unaingia, kwa hiyo hesabu kwamba kwa sasa noti yako haina dhamana. Daraja lililoandikwa linabaki kuwa habari nzuri kuhusu noti, kama barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wa zamani. Mnunuzi ataisoma, lakini atataka kujionea mwenyewe.

Je, linaweza kupatikana kava jipya? Ndiyo. PMG wana huduma ya kuhamishia noti kwenye kava jipya bila kuipima upya: unaipeleka ikiwa ndani ya kava lake lililoharibika, wanaiangalia, na kama haijabadilika inarudi na daraja lake. Wakikuta imeumia baada ya kufungwa, wanaweza kulishusha. Neno kubwa hapo ni "ikiwa ndani ya kava lake". Ukiitoa wewe nyumbani, hata kwa mikono ya daktari wa upasuaji, imekuwa noti tupu na inaanza safari ya upimaji upya kama ambayo haijawahi kufika huko. Na kampuni nyingine ya upimaji haitakupa kava lake kwa kufuata daraja la PMG. Itapima kwa macho yake na kukulipisha upimaji.

Sasa nikuambie jambo ambalo wauzaji wa huduma hizi hawalisemi upesi: kwa noti yako, usiipeleke.

Shilingi 10 ya 1966, ile ya kijani yenye mkonge nyuma, ilitoka kwa wingi. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966 na noti zake za kwanza zilikuwa za 5, 10, 20 na 100, zote zikiwa na Nyerere kijana. Zile ndogo zilichapwa kwa miaka kadhaa zikiwa na saini tofautitofauti, na ndiyo sababu ya herufi ndogo unayoiona kwenye lebo baada ya namba ya Pick, ile katalogi inayozipa namba noti za dunia. Saini nyingine ni adimu kuliko nyingine, kwa hiyo iandike herufi hiyo. Lakini kwa jumla noti ya 10 safi inapatikana kwenye minada wiki yoyote. Jumlisha nauli ya kwenda Florida na kurudi, bima, ada ya kava, na ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa atakayekupitishia maana wewe si mwanachama wao. Utakuwa umeinunua noti ileile mara mbili au zaidi.

Na hapo sijagusa usafiri wenyewe. Kanuni za posta za kimataifa haziruhusu noti kuwekwa kwenye barua ya kawaida, na kampuni nyingi kubwa za vifurushi hazipokei fedha taslimu hata kama hela yenyewe ilishaacha kutumika. Anayekuambia "andika ni picha tu" anakufundisha kupoteza mali, kwa sababu ikipotea utadai fidia ya picha. Mwenye noti ya thamani kubwa kweli huuliza kwanza kwa maandishi, hutuma kwa bima, na hubaki na karatasi za forodha zinazoonyesha kitu kimetoka hapa, kisije kikahesabiwa kama manunuzi mapya siku kinarudi.

Ningekuwa na jibu jingine kama ungekuwa na shilingi 100 ya 1966, hasa katika daraja la juu. Ningekuwa na jibu jingine kabisa kama ungekuwa na karatasi za Mjerumani. Kwenye hii reli ya kati, kuanzia kwetu Dodoma mpaka Tabora, bado mara mojamoja sanduku la babu linafunguliwa na inatoka rupia ya karatasi: ama zile za benki za mwaka 1905, ama zile za muda za 1915 hadi 1917, zilizochapwa hapahapa wakati wa vita meli zilipokuwa haziji. (Sizungumzii utapeli wa rupia ya sarafu "inayovuta mchele". Anayekuletea hiyo, mpe chai aende zake.) Zile za muda zilichapwa kwa karatasi iliyopatikana, na leo nyingi zinavunjika kama jani kavu. Hapo mambo yanageuka. Watu wanadhani noti ya daraja la juu ndiyo inayohitaji kava zima kuliko nyingine. Naona kinyume. Noti mpya kama yako ina nguvu zake, kava likipinda nayo inapinda kidogo na kurudi. Noti kuukuu ya daraja la 12 yenye mpasuko kwenye mkunjo inategemea kava kama mvunjika mguu anavyotegemea gango. Kava likilegea, mpasuko unatembea. Hiyo ndiyo ya kugharamia.

Yako tutaitunza hapahapa, kwa vitu vya dukani. Unahitaji mfuko wa nje wa kuingiza kava lote kama lilivyo. Ipo mifuko maalumu ya makava haya, mwambie kaka akutafutie michache, haina uzito. Wakati unasubiri, mifuko ya plastiki ya kuwekea karatasi kwenye faili inafaa, mradi iwe ya polipropilini: migumu kidogo, inapiga kelele ukiikunja, na mara nyingine ina alama ya pembetatu yenye 5 au herufi PP. Ikimbie ile laini inayonata, yenye harufu ya kitambaa kipya cha meza cha plastiki. Hiyo ni PVC. Kama mwalimu umeshaiona kazi yake: unatoa fotokopi ya cheti kwenye kava la faili la zamani, nusu ya maandishi inabaki imegandia kwenye plastiki. Mafuta yake ndiyo yanayofanya hivyo, na kava lako lina tundu la kuyapitisha.

Kabla ya kuliingiza, likamate kava kwa pembeni, mshono ulioachia ukiwa juu, noti isiteleze. Usilikande ile kona irudi, usipige pasi, usisugue mikwaruzo kwa dawa ya meno kama watu wanavyofanya kwenye vioo vya simu. Vumbi la nje liondoe kwa kipuliza cha mpira, kile cha kusafishia kamera, ukipuliza kuelekea mbali na mshono ulioachia. Usipulize kwa mdomo. Kitambaa kikavu pia kiache: ukisugua plastiki hii kwenye hewa kavu ya Agosti inapata umeme tuli na kuvuta vumbi lote la chumba, na safari hii ina mlango wa kuingilia. Punje zilizo ndani juu ya karatasi ziache zilivyo. Hazijakudhuru, jaribio la kuzitoa ndilo litakalokukwaruzia noti.

Kisha laza mfuko mezani, uliingize kava likiwa limelala, mshono uliofunguka utangulie, ili mdomo wa mfuko na mdomo wa kava viangalie pande mbili tofauti. Kama lazima utumie selotepu, iwe kwenye mdomo wa mfuko wa nje. Kwenye kava, hapana.

Hilo la selotepu nimelilipia pia. Nilikuwa na noti ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ya 1964, ile ya jahazi ziwani, kava limeachia sentimita mbili. Nikabandika kipande kizuri kabisa, kimenyooka, nikajisifu. Ilikuwa Septemba. Kufika Novemba, chini ya bati, gundi ilikuwa imelainika na kutambaa, imepita kwenye mshono uleule niliouziba, imefika ukingo wa noti. Alama ya manjano ya milimita tatu. Noti ninayo mpaka leo na siiuzi, si kwa mapenzi.

Mahali pa kuiweka: kabati la ndani lisilopakana na ukuta unaopigwa na jua la mchana, kava likiwa limelala, bila mzigo wa vitabu juu yake. Vidonge vya kufukuzia nondo visiwe sanduku moja nayo, harufu yake inahamia kwenye karatasi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu viweke wakati wa masika, Desemba mpaka Aprili, halafu uviondoe. Kiangazi chetu kimekauka vya kutosha, huna haja ya kuongeza ukavu. Na ukiona mdudu mdogo wa rangi ya fedha anakimbia kwenye kona ya kabati, hamisha siku hiyohiyo. Anakula karatasi, na mlango ameshafunguliwa.

Kuhusu kuuza, naona hujaniuliza lakini utaniuliza. Tangu Benki Kuu iite noti za zamani zirudishwe, Januari mpaka Aprili 2025, kila mtu amegeuka mtaalamu, na utapigiwa simu za bei za ajabu. Noti ya 1966 haikuwa sehemu ya zoezi hilo. Ilishatoka kwenye matumizi zamani, na bei yake ni ile ambayo mkusanyaji atalipa. Ukiamua kuiuza, mpigie mnunuzi picha ya mshono kwa pembeni, umwandikie kwamba kava limeachia juu na kwamba namba inalingana na lebo. Atakulipa bei ya noti nzuri isiyo na dhamana. Pungufu yake kwa noti hii si kubwa. Ni ndogo kuliko ile nauli ya Florida.

Nitumie picha mbili: moja ya lebo yote isomeke, herufi ndogo ya Pick ionekane, na moja ya ile kona tochi ikiwa imelala. Kama mstari mweupe umeingia kwenye karatasi nitauona kabla hujaniambia, na kama herufi ni ya saini adimu nitabadilisha maneno yangu ya kutoipeleka. Msalimie kaka, umwambie safari nyingine akate vipande viwili vya boksi gumu, aweke noti katikati.